Kijivu, Alisema

Mnunuzi wa Kampala alichovya kidole guniani,
akakisugua kwa gumba, akakiinua penye dirisha.
"Kijivu," alisema.
Magunia kumi na moja yakabaki palepale
kwenye sakafu ya banda letu, Kabwohe.

Neno moja. Miezi miwili ya kumenya.

Hakuonja. Ningempikia uji,
ule mzito unaoushika mwiko usianguke,
uji aliokunywa Bakeine alipotoka wodini
mbavu zikihesabika chini ya shati,
akanywa, akanywa, hata siku moja
akagombana na mimi juu ya chumvi,
nikajua amepona.
Lakini rangi haibishi hodi,
huingia ndani kabla ya ladha.

Basi tukajifunza.
Binti yangu Kyarisiima alirudi na maelezo ya wataalamu:
ndani ya ndizi mna kitu kisichopenda hewa,
ukiikata tu, kinaanza kununa,
kinanuna mpaka kinakuwa cheusi.
Dawa yake ndimu.
Tukakamua ndimu hadi kila mchubuko wa kidole ukapiga kelele.
Vipande vyembamba kama kucha,
dakika kumi kwenye karai,
kisha juu ya wavu, chini ya karatasi ya nailoni,
na mtoto mmoja wa kufukuza kuku.
Siku ya tatu, kinuni,
ukatoka unga mweupe kama jino la kwanza.

Maji ya karai nilikuwa namwagia mgomba wa nyuma ya choo.
Asubuhi moja nikayatazama kabla ya kuyamwaga.
Yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa.
"Na hiki kilichobaki humu ni nini?"
Kyarisiima alisita.
"Madini, mama. Potasiamu. Vitamini kidogo.
Si vyote."

Si vyote.
Mgomba ule umebeba mkungu wa chane kumi na mbili,
umeinama kama anayetafuta sarafu,
tumeutilia nguzo mbili na bado unalalamika.

Gonja hatuziuzi.
Unga wake una umanjano wa kiini cha yai,
na mnunuzi angesema, sijui, angesema umechacha.
Kyarisiima anasema umanjano ule ni macho ya watoto.
Basi wajukuu wanakula umanjano,
mimi na Bakeine tunakula kijivu,
na mji unakula mweupe.

Juzi alirudi. Akachovya, akasugua, akainua dirishani.
Akatabasamu. Akahesabu noti mara mbili.
Akafungua kitabu cha risiti nitie sahihi,
akaiona mikono yangu:
utomvu umeingia kwenye kila mfereji wa kiganja,
kwenye kucha, kwenye vifundo,
mweusi wa miaka ishirini na tisa.

"Osha mikono kwanza, mama," alisema,
"usichafue karatasi."

"Nimeosha."