Fataki Sita

Baba alikuwa fundi wa cherehani, Katuba,
na wa kufuli, na wa saa za ukutani akibembelezwa.
Siku Mwalimu Kyalwe alipoileta ile bastola
imeviringishwa ndani ya taulo la hoteli,
Mama aliondoa sahani ya bukari mezani
akatoka nje bila kuuliza.

"Ni nakala," alisema Mwalimu. "Ya Italia.
Haijawahi kumeza risasi. Ni ya mbio za watoto."
Baba alinusa mtutu
kama mtu anayenusa maziwa ya jana.

Alianza na kabari. Ilikuwa imeng'ang'ana,
imegongwa na mtu mwenye hasira na nyundo ya misumari.
Baba aliitoa kwa mpini wa mwiko:
tok, tok, akanyamaza, tok.
Chuma hakipendi kugombezwa, alisema,
hata kile cha kuiga.

Silinda ilikataa kuzunguka.
Masizi ya baruti nyeusi, magumu kama ukoko.
Petroli hapana. Maji ya moto na sabuni,
na mimi, miaka kumi na mitatu, na mswaki wangu wa zamani.
Siku tatu mikono yangu ilinuka
kama upepo wa bomba la kiwanda
enzi zile babu alipokuwa bado anapokea mshahara.

Springi ya kile kijino kinachosukuma silinda
ilikuwa imekatika. Baba alitazama huku na huku,
kisha akanitazama kichwani.
Kibanio changu cha nywele, cha Jumapili.
Alikikata, akakikunja, akakipasha moto kwenye makala,
na bastola ikazunguka ikihesabu,
ka, ka, ka, ka, ka, ka,
nami nikaenda kanisani na shuka moja limelegea.

Vipande vya fataki zilizopasuka
vilikuwa vikianguka tumboni mwake, chini ya nyundo,
vinakaa humo kama wageni wasiojua kuaga.
Nyundo yenyewe ilikuwa na ufa usoni
uliokuwa ukivinyofoa. Tupa, taratibu. Kitambaa. Tupa tena.
Mwisho akazibua vichuchu sita
kwa sindano ya cherehani, namba kumi na sita,
ile ya kushonea jinzi.

Jioni alipita nyumba hadi nyumba:
"Kesho, saa nne asubuhi, mtasikia mlio mmoja.
Ni wa michezo."
Mama Ngoie alikuwa anapepeta unga. "Mmoja tu?"
"Mmoja tu."
Kesho yake saa nne, mlio ulikuwa mmoja tu.
Hata hivyo wajukuu wake walikuwa chini ya kitanda
tangu saa tatu na nusu.

Sasa niseme lile ambalo Baba hakuambiwa.
Bastola ile ilikuwa na tabia.
Nyundo inashuka: ta.
Kisha kimya, urefu wa kupepesa jicho.
Kisha: pah!
Shule nyingine zilisubiri pah.
Sisi wa Mwalimu Kyalwe tulikimbia na ta,
na miaka mitatu vikombe vilijaa ofisini kwake
hadi vikashikilia mlango usifungwe na upepo.

Siku ya mashindano, uwanja umejaa vumbi jekundu,
nikainama, masikio yangu yakitafuta ta.
Haikuwepo.
Ta na pah zilikuwa zimekuwa neno moja,
na wasichana wa Kenia walishaondoka
nilipokuwa bado nasubiri silabi ya kwanza.

Nilikuwa wa nne.
Mwalimu hakunitazama. Alikuwa anaigeuza bastola mkononi
kama mtu aliyerudishiwa deni
alilotumaini limesahauliwa.

Kando ya ukuta, Baba alisimama
na koti lake la misa, macho ameyafumba.
Mbio ya pili. Ya tatu. Ya tano.
Hakuyafumbua.

Njiani kurudi nilimuuliza kama aliniona nikikimbia.
Alitembea kidogo, akaondoa jiwe kwenye kiatu.
"Nilisikia," alisema.
"Zote sita."