Timazi

Siku ya mwisho Mwakaleli. Ukungu
haujatoka migombani. Wenzangu wamelala
juu ya madawati, viatu mlangoni vimebeba matope.
Natoka peke yangu, niombe kabla ya kengele.

Nyuma ya zahanati, taa ya chemli.
Fundi Ambakisye amepiga magoti,
anabomoa ukuta wetu.

Kozi tatu. Zile tulizopigia picha.
Tofali moja moja analikwangua, analipangusa,
analirudisha, timazi ikining'inia
mbele ya uso wake kama neno la nabii.

Wiki nzima hakusema. Alituchotea maji,
alituita "mafundi wangu",
hata tulipokoroga saruji ikawa uji wa mgonjwa.

"Mzee, tumekutia hasara."
Hakugeuka.
"Mlitembea siku mbili kuja huku.
Miguu imepona? Haya, shika uzi."

Nikashika.
Ukatetemeka, mkono wangu huo,
kisha ukatulia.

Saa nne, ibadani, mchungaji akatushukuru kwa ukuta.
Mama Gwantwa akatufungia maparachichi kwenye kanga.
Makofi.
Ambakisye naye alipiga, nyuma kabisa,
saruji imemkaukia kuchani.