Kipimo Kisome Sifuri

Mtungi wa kwanza ni wa nyuzi: unashika tope
na kutu ya mabomba ya Bondeni. Wa pili ni wa mkaa,
unalamba klorini. Wa tatu ni utando
uliokunjwa kama mkeka wa mgeni,
na humo ndimo kazi ilimo:
ndoo nne zinaingia, moja inatoka imetakata,
tatu zinakwenda zake kwa mrija mweusi.
Daktari Jepkosgei aliniuliza mara moja tu,
"Mureithi, hizo tatu nani anazilipia?"
Nikamwambia, wewe.
Akacheka, akatia sahihi.

Alitaka tangi la matumbawe katika kliniki ya meno,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu,
watoto wapate kitu cha kutazama
mashine inapolia nyuma ya mlango.
Mwanzo tulikuwa wajinga. Tulimimina ya mfereji.
Wiki ya sita kioo kikaota ndevu za kijani
na tumbawe lililokuja na basi la usiku kutoka Mombasa,
ndani ya boksi la mboga, likajikunja,
likapauka, likawa jino.

Muuzaji mmoja alinishauri mtungi mmoja tu,
bei ya kutupa. "Maji ni maji, fundi."
Nikachovya kipimo katika glasi aliyonichujia:
mia nne na kumi na mbili.
Nikachovya katika ndoo yake ya mfereji:
mia nne na kumi na mbili.
Nikamshukuru kwa ukweli wake.

Maji hapa hupanda ghorofani kwa kusitasita,
basi kuna pampu, na pampu inataka umeme,
na umeme una mambo yake.
Hewa kavu inanywa tangi lita mbili kwa siku.
Maji hupaa, chumvi haipai,
kwa hiyo unajazia maji matupu, kidogo kidogo,
kama unayemnywesha mgonjwa.
Nyuzi, miezi mitatu. Mkaa, sita.
Utando usiuache ukauke, hata ukisafiri kwenda msibani.

Wa nne ni wa resini: shanga laini, samawati zikiwa mpya.
Zikichoka hugeuka hudhurungi, safu kwa safu,
na mimi hufumba mdomo ninapozibadilisha
maana rangi hiyo naijua.
Nimezaliwa Njoro, kando ya kisima
kilichochimbwa kwa harambee na kubarikiwa na padri.
Tulikunywa. Tulishukuru.
Katika picha ya kumaliza shule
darasa zima tumefunga midomo.

Kuna kijana aliletwa kung'olewa gego.
Alisoma tarakimu juu ya tangi, akasoma tena.
"Hiyo sifuri ni ya nini?"
Ni uchafu uliomo kwenye maji ya matumbawe.
Akanyamaza. Akaingiza chupa yake ya shule
chini ya kiti, taratibu,
kana kwamba imemwaibisha.

Siku hiyo nilifunga koki ndogo
kati ya mtungi wa tatu na wa nne.
Inasoma tisa. Kwa tumbawe, tisa ni ugonjwa.
Nikaweka vikombe kando yake.
Daktari aliona. Hakuuliza nani analipia.
Jioni nabeba mtungi wa lita tano nyumbani,
tangu Nyaguthii hajajua kutembea.

Sasa ana miaka saba. Jana jino la mbele lilichomoza.
Nilimwambia afungue mdomo, nikamulika kwa simu,
nikakaa hivyo mpaka akaanza kuudenda:
jeupe, na mstari mmoja hafifu kama wa chaki
ambao huenda ni mwanga.
Nimeliandika katika daftari la chujio,
chini ya tarehe ya resini.
Tisa si sifuri.
Jumamosi nyuzi zinabadilishwa.