Kengele Inaponyamaza

Novemba. Milima ya Apenini imejifunika ukungu hadi kidevuni,
nami nafunga kengele tatu kwenye shingo tatu.
Ya Tito ni ndogo, nimemvua paka.
Ya Saeta ina ufa, hulia kama kijiko sufuriani.
Ya Gemma ilikuwa ya baba yangu, na kabla yake ya mbuzi.

Tito ana miezi mitano. Simfundishi kitu.
Namning'inizia bawa la kwale kwenye ufito wa kuvulia samaki:
analirukia, analikosa, analirukia, anaanguka chali.
Mara ya ishirini hivi, mbio zikimwishia,
mguu mmoja unabaki hewani, mkia unanyooka,
mwili wote unakuwa swali.
Hapo namwambia "taratibu," kwa sauti ya kumlazia mtoto,
na bawa linarudi mfukoni.
Husemwa samaki hukunjwa angali mbichi.
Ni kweli kwa samaki.
Huyu nimemwacha ale viatu vyangu viwili,
vyote vya mguu wa kushoto.

Saeta, miaka miwili na nusu, ndiye anayenizeesha.
Pua anayo. Subira hana.
Anasimama, anatetemeka, anahesabu moyoni hadi tatu,
mara ndege yuko angani na yeye yuko chini yake
akibweka kama aliyeshinda bahati nasibu.
Kamba ya mita kumi imenichuna viganja.
Jirani yangu Fiorenzo alinishauri ninunue ule mkanda wa umeme.
Nikamwambia auvae yeye kwanza, siku moja tu,
mkewe ashike kitufe.
Hajarudi kunishauri.

Akivunja msimamo, sifyatui. Ndege aende zake.
Nambeba Saeta, kilo ishirini na mbili za ubishi,
namrudisha palepale, namtua miguu yote minne,
tunasimama wawili tukitazama mahali patupu
mpaka aelewe kwamba patupu napo pana heshima yake.

Ndege tunayemtafuta, wenyeji wa huku humwita bekacha:
rangi ya majani makavu,
mdomo kama sindano ya kushonea magunia.
Humwoni. Vichakani hata mbwa humwoni.
Unasikiliza kengele.
Ikilia, mbwa anatafuta. Ikinyamaza, amempata.
Kazi hii yote ni kusikia kitu kikikoma.

Na mimi, tangu Pasaka, nasikia kila kitu kimekoma.
Sikumwambia mtu.
Nilianza kutazama midomo, na kuchukia ukungu.

Jana, kwenye mialoni ya juu, nikanong'ona, "Zimenyamaza,"
nikaishusha bunduki begani.
Mjukuu wangu Nives, kamba ya Tito imemzunguka kiunoni,
akanivuta mkono, akanigeuza uso wake niuone:
"Bado zinalia, babu."
Hakuongeza neno. Ana miaka kumi na mmoja,
sawa na Gemma.

Tukasubiri. Sijui tulisubiri nini, au muda gani.
Kisha Gemma akatoka ukungini,
mweupe wa pua, mzito wa nyonga,
akaja moja kwa moja, akanigusa goti kwa mdomo,
akageuka.
Hatua kumi, akasimama kunitazama kama ninamfuata.
Hatua kumi nyingine.
Alikuwa amemwacha ndege wake aje kuniita.
Mbwa hafundishwi jambo hilo. Namfundisha kinyume chake:
ukimpata, usibanduke.

Alinipeleka hadi kwenye gogo lenye kuvu
na kusimama tena pale alipotoka, kidete.
Nyuma yake Saeta, paja likimcheza,
alikuwa amesimama pia. Bila kamba. Bila mimi.

Bekacha akaruka.
Nilikosa. Risasi zote mbili.
Nives alicheka; nilimwona akicheka.
Gemma alinitazama jinsi ninavyomtazama Saeta,
bila hasira,
kama anayepanga kunirudisha palepale kesho asubuhi.