Bolti ya Kumi na Sita

Rimu nilizipata Pasua, kwa mjane wa dereva,
aluminiamu ya zamani, imepauka kama jivu la mgomba.
Foksiwageni ikazikubali. Bolti zikagoma:
hizi fupi, zile hesi zimekufa,
nyingine kichwa duara, ilhali tundu lataka koni.
"Kaza tu, zitashika," akasema fundi Elisaria.
Zitashika mpaka Himo, nikamjibu.

Kiusa, dukani kwa Aikande,
akaipokea ya mfano, akapitisha ukucha kwenye hesi
kama anayesoma gizani.
Kopo la maziwa likamwagwa juu ya gazeti.
Kumi na tano.

Tukatazamana.
Akainuka, akafumua pindo la pazia la mlangoni.
Humo ilikuwamo, ikizuia upepo miaka tisa.

Hiyo hakunitoza.
Nilipowasha gari, pazia lilikuwa hewani,
linapunga.