Herufi ya Kujaza kwa Mkono

Taipu yangu ya Mtaa wa Sikukuu haikuwa na H.
Fundi wa Gerezani aliitazama, akacheka, akanirudishia:
"Mama, hii hata kiwandani kwake wamekwishaisahau."
Basi Maalim Mbaruku Pazi alipoleta daftari zake,
zimefungwa kwa kamba ya katani, zinanuka mafuta ya taa,
nilimwonya mapema: haki itatoka "aki",
huru itatoka "uru",
na hiyo shura yako itasomeka "sura".
Akavua miwani. "Piga tu, Mwantumu.
Haki siku zote hujazwa kwa mkono."

Kila Alhamisi, baada ya alasiri, aliketi juu ya kreti la soda
akijaza H, moja moja, kwa wino wa bluu,
huku akibishana na karatasi.
Dola haina magoti, aliandika, haiwezi kusujudu;
msiisukume msikitini, iulizeni mizani.
Kura ni ushahidi. Anayeiuza kwa khanga na kilo ya mchele
ameuza ulimi wake mbele ya Mola.
Na imani ya kushurutishwa
ni udhu wa maji ya kuchora.

Mimi niliyemchapia sikukubali yote.
Siku moja nikasimamisha vidole:
"Maalim, kwenye shura yako mbona wote ni fulani bin fulani?
Fulani binti fulani wako wapi?"
Akanyamaza mpaka chai ikaingia utando.
Wiki iliyofuata alirudi na ukurasa mpya;
ule wa zamani akaniachia nikokee jiko.

Kamati ya msikiti ikasema amelainika, ameuza dini.
Wenye ofisi wakasema ana makali, anachochea.
Walimchukua Jumatatu, akarudi Ijumaa
bila miwani,
akauliza kama utepe wa taipu bado upo.

Alizikwa masika. Wanaume walirudi kutoka Kisutu
na tope hadi vifundoni. Mimi nilikuwa ukumbini,
karatasi zake nimezitia kwenye mfuko wa unga.

Sasa mjukuu wangu Shadya anaziingiza kwenye kompyuta.
H zote zimo, zimesimama kama askari wa gwaride.
Jana ameniita: "Bibi, hapa pana kosa."
Ukurasa wa mwisho. Kila pengo limejazwa wino, isipokuwa moja:
"na iliyobaki ni  aki yenu."

Nikamwambia asiliguse.
Usiku nikaamka kutafuta kalamu.