Maji Yakikupwa Likoni

Usinitajie rangi. Rangi hata mimi napaka:
viti vyangu mia tatu kila mwisho wa Shaabani,
na hakuna mwalikwa aliyewahi kuniuliza
chini ya ile nyeupe kuna nini.

Tumefika Miritini kabla yadi haijafagiliwa,
mimi na fundi wangu Mwachiti,
maana aliniambia: dizeli ikute ingali imelala.
Injini iliyokwisha kuamshwa
husema uwongo kwa adabu.

Ya kwanza naigusa boneti
kama paji la uso la mtoto.
Ina homa.
"Nani ameiwasha alfajiri hii?"
"Mlinzi, Bi Mwanashehe. Aliisogeza kidogo tu."
Kidogo gani hiki kinachochoma kiganja?
Kizuri chajiuza, walisema.
Hii ilikuwa na msemaji.

Ya pili ina milango minne, viti vya ngozi,
na redio inayokusalimu.
Mwachiti akatandika gunia, akaingia chini,
akaigonga chesisi kwa bisibisi:
ti, ti, ti,
kisha tu,
sauti ya muhogo uliooza.
Akatoka na unga mwekundu ndevuni.
"Hii imeishi ufukweni," akasema.
Chumvi haianzi na rangi, huanza ndani,
pale msasa usipofika.

Ya tatu nilikuwa nimeipita.
Buluu iliyochujuka, dirisha moja lapandishwa kwa koleo,
boneti baridi kama mtungi.
Ikakohoa. Moshi mweupe, Mwachiti akihesabu kwa vidole,
ukawa wa kijivu, ukawa si kitu.
Akafungua kifuniko cha oili, akaweka kiganja juu yake,
akanyamaza muda mrefu.
"Inapumua," akasema. "Haihemi."

Mimi nikaenda nyuma,
kwa sababu mimi sinunui gari la kuendea harusini,
nanunua la kuivuta harusi yenyewe.
Kulabu ilikuwa imelika upande mmoja, inang'aa.
"Ilivuta nini?"
"Haijawahi kuvuta kitu, mama. Ilikuwa ya mwalimu."
Chuma haking'ai kwa kutazamwa.
Kijana mwosha magari, Chengo, akasema bila kuinua kichwa:
"Tangi la maji. Mariakani. Miaka sita."
Dalali akakohoa kuliko injini.

Miaka sita.
Nami nilianza na mkokoteni,
hema moja, masufuria ya kuazima,
talaka nimeikunja kwenye pochi.
Sijui aliyezoea kuvuta
ni hodari au ni mchovu tu.
Binti zangu huniuliza swali hilo
kila nikivua viatu mlangoni.

Sikulipa. Nikasema: twende Likoni,
maji yamekupwa, njia ya feri imesimama kama paa.
Trela nyuma, viti vyote, mahema manne,
sufuria la pilau ambalo watu wawili hawalibebi,
na dalali katikati yetu, magoti kidevuni.

Ng'ambo, tukishuka kwenye feri kuupanda mlima,
mwenye mkokoteni wa machungwa akakwama mbele.
Mwachiti akakanyaga breki.
Tukaning'inia hapo,
bahari nyuma, honi nyuma ya bahari,
masufuria yakisogea taratibu, yakitafuta njia ya kurudi.
Dalali alikuwa anasoma kitu, si bei.

Kisha gia ya kwanza.
Harufu ya klachi ikapanda,
ndogo, kama mkate uliosahaulika jikoni,
na lile buluu likainamisha pua,
likavuta,
kama mtu asiyetaka kusifiwa.

Kwa ile harufu nilipunguza elfu arobaini.
Nyingine nalipa hadi Mfunguo Sita, Mungu akipenda
na watu wakiendelea kuoana.

Shika Adabu tulifika adhuhuri imeadhiniwa.
Mama wa bibi harusi hakuuliza tumevukaje.
Alihesabu viti.
Vilipungua viwili.